Nipime mkaa wa kaya 190 au niulize kaya 500?

Mwalimu, shikamoo.

Nasoma shahada ya uzamili, mwaka wa pili, katika chuo ambacho jina lake nitalihifadhi. Pendekezo langu la utafiti limekwama katikati ya watu wawili ninaowaheshimu, na siku ya kulitetea mbele ya jopo imeshapangwa. Naomba unisikilize kwa urefu, maana nikifupisha sana utanijibu kama wanavyonijibu wengine: "Msikilize msimamizi wako."

Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia mwaka 2024, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Mitungi ya gesi ya kilo 6 imeuzwa vijijini kwa bei ya ruzuku kupitia REA (Wakala wa Nishati Vijijini), na wilaya ya Mvomero, mkoani Morogoro, ndiko ninakotaka kufanyia utafiti: vitongoji vya kando ya barabara kuu ya Dodoma na ile ya kwenda Turiani, kule ambako mkaa unapangwa kwa viroba nje ya nyumba. Nataka kujua kama kaya iliyonunua mtungi wa ruzuku inatumia mkaa kidogo kuliko kaya ambayo haikununua. Basi.

Swali linaonekana dogo mpaka uingie jikoni kwa watu. Gesi ni ya chai ya asubuhi na kupasha kiporo. Maharage, makande na mihogo vinarudi kwenye jiko la mkaa, tena bila aibu, kwa sababu mama ameshapiga hesabu zake na anajua mtungi wa kilo 6 hauwezi maharage ya wiki nzima. Kwa hiyo ukimuuliza "Unatumia gesi au mkaa?" atakujibu "gesi", na hakudanganyi. Ndiyo maana nilitaka kipimo changu kiwe kilo za mkaa kwa mtu kwa siku, badala ya jibu la ndiyo au hapana.

Msimamizi wangu hataki kusikia habari za kilo. Anataka dodoso. Kwenye idadi ya kaya alichukua kanuni ya Yamane ya 1967 ya kukokotoa ukubwa wa sampuli, akaweka kaya 6,000 tulizokadiria katika vitongoji vyangu na kosa la asilimia 5: 6,000 gawanya kwa 1 jumlisha 6,000 mara 0.0025, yaani 6,000 kwa 16, jibu 375. Akaandika "400" pembeni kwa kalamu nyekundu, "ili jopo lisiseme sampuli ndogo". Kikao kikaisha.

Kuna kaka mmoja anayesoma shahada ya uzamivu ya takwimu ambaye hutusaidia. Nilimwonyesha ile 375, akaniuliza inajibu swali gani. Akaeleza kwamba kanuni ile ni ya kukadiria asilimia moja ya watu wote, kwa kudhani nusu wako huku na nusu kule, na kwa kudhani umeokota kaya moja moja kutoka kwenye orodha nzima. Mimi nalinganisha makundi mawili, na kaya nitazipata kwa mafungu, kitongoji kwa kitongoji. Tukakaa na kalamu.

Nikienda kwa dodoso, na nikitaka kuona tofauti kati ya asilimia 55 ya wanaopikia mkaa kila siku katika kundi moja na asilimia 40 katika kundi la pili, nahitaji kama kaya 170 kila upande, jumla 340. Hapo ni kwa kiwango cha imani cha asilimia 95 na uwezo wa asilimia 80 wa kuiona tofauti kama ipo. Halafu linakuja suala la mafungu. Kaya za kitongoji kimoja zinanunua kwa muuza mkaa yuleyule na zinasikia mikutano ileile, hivyo kaya ya kumi haikuambii jambo jipya kama ilivyokuambia ya kwanza. Tukikadiria kwamba kufanana huko ni 0.05, nikichukua kaya 20 kila kitongoji sampuli izidishwe kwa 1.95, ifike 663. Nikichukua 10, izidishwe kwa 1.45, ifike 493. Tuseme kaya 500 katika vitongoji 50. (Alisema nikipata makundi yote mawili ndani ya kila kitongoji hasara hiyo hupungua, ila nisiitegemee kabla sijaiona orodha ya walionunua mitungi.)

Nikipima kilo, hesabu inageuka. Kwa kipimo cha namba endelevu kama kilo, kuona tofauti ya nusu ya mkengeuko sanifu (yaani kadiri kaya zinavyoachana na wastani) kunataka kaya 63 kila upande, jumla 126. Zidisha kwa 1.45, ni kama kaya 190 katika vitongoji 19. Nilifurahi sana siku hiyo.

Furaha ikaisha nilipoanza kupanga kupima kwenyewe. Nilidhani nitaupima mkaa uliopo siku ya kwanza kwa mizani ya kuning'iniza, nirudi baada ya wiki nipime uliobaki. Sasa, kwa kaya zenye gunia stoo inawezekana. Lakini kaya nyingi ninazozijua zinanunua kopo la leo leo, kesho lingine, na la kesho huenda likatoka kwa muuzaji mwingine mwenye kopo lililobonyea. Hakuna akiba ya kupima. Gunia nalo si kipimo, kwa mkoa wetu wenye lumbesa za kila urefu. Nikiwapelekea mkaa niliokwisha kuupima, nimewapa wa bure, na mkaa wa bure haupikiwi kama wa kununua. Njia iliyobaki ni kwenda kila siku kwa siku tatu, yaani kugonga mlango uleule mara nne. Kaya 190 mara nne ni ziara 760, wakati dodoso la kaya 500 ni ziara 500 tu.

Kwa fedha ni hivi. Mdadisi mmoja anamaliza kaya 10 kwa siku, na posho yake ni 30,000. Dodoso linataka siku 50 za mdadisi, shilingi 1,500,000. Mizani inataka siku 76, shilingi 2,280,000. Mimi nina milioni tatu kwa kila kitu, kuanzia nauli, vibali na kuchapisha hadi soda ya mwenyekiti wa kitongoji, ambayo haiandikwi kwenye bajeti lakini ipo. Upande wa nauli mizani inashinda, maana vitongoji 19 si sawa na 50, na baadhi ya vile 50 haviendeki bila bodaboda.

Nimewaza njia ya tatu: niulize kaya 300 kwa dodoso, na ndani ya hizo nipime 60, nione majibu ya mdomo yanaachana vipi na mizani, halafu nitumie tofauti hiyo kusahihisha yale ya 240 zilizobaki. Kaka wa takwimu anasema njia hiyo inajulikana na ni halali. Msimamizi anasema nitalichanganya jopo. Na mimi naogopa kitu kingine: je, kama anayeficha ukweli katika kundi la waliopata mtungi anaficha zaidi kuliko wa kundi la pili? Watu wakimwona mgeni mwenye kishikwambi wanadhani anaandikisha majina ya mitungi mingine. Aliyepata ataficha mkaa ili asionekane amepoteza ruzuku ya serikali, na ambaye hakupata atauzidisha ili ahurumiwe. Hapo kaya 60, yaani 30 kila upande, zitatosha kunionyesha?

Kuna na kichwa cha habari. Msimamizi anataka "Athari za mitungi ya ruzuku katika matumizi ya mkaa". Ruzuku haikugawiwa kwa kura. Waliokwenda kununua ni wale waliokuwa na chenji mfukoni siku ile gari lilipofika, na wengi wao pengine walishakuwa wanatumia mkaa kidogo hata kabla. Sina takwimu za kabla ya ruzuku, na kumuuliza mtu alikuwa akitumia makopo mangapi miaka miwili iliyopita ni kumwonea. Naona "uhusiano" ndilo neno ninaloweza kulisimamia, huku nikiweka kipato, idadi ya wanakaya na umbali hadi kwa muuza gesi ndani ya regresheni, hesabu inayotenganisha mchango wa kila kimoja. Msimamizi anasema uhusiano hauchapishiki. Sijui kama ni kweli, lakini ndiye anayesaini.

Na kalenda yangu ya kwenda uwandani imeingia moja kwa moja katika mwezi wa Ramadhani. Kwa kaya za Waislamu mapishi ya mchana yanahamia kwenye futari na daku, uji na mihogo kila jioni. Nikisogeza mbele naingia masika, mkaa unalowa, bei inapanda na njia ya Turiani nayo ina yake. Nikisubiri hadi Juni napitwa na muhula, na ada ya muhula wa ziada ni yangu mwenyewe.

Mwalimu, ninachoomba ni haya. Kwa fedha hizi, wewe ungechagua mizani ya kaya 190, dodoso la kaya 500, au mchanganyiko wa 300 na 60? Ule mkengeuko wa kilo sijaupata popote kwa wilaya yangu. Majaribio ya awali ya kaya 20 katika kitongoji ambacho hakimo kwenye sampuli yatatosha kuukadiria, au nitakuwa najifariji? Na la mwisho ndilo linaloninyima usingizi: mwanafunzi anamwambiaje msimamizi wake kwamba Yamane haijibu swali letu, bila kuonekana amefundishwa na mtu wa nje? Namheshimu mzee wangu, amenisomea sura zote tatu kwa mkono wake. Nimeandaa ukurasa mmoja wenye hesabu zote hizi. Niutume kwa barua pepe kabla ya kikao, au niende nao ofisini niuweke mezani tuzungumze?

Mwanafunzi wa uzamili,
Morogoro