Utepe bila sheria haumtibu mgonjwa wa saratani ya matiti

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie mjadala kuhusu saratani ya matiti, hasa dhana iliyozoeleka kwamba kazi ya mwananchi wa kawaida ni kuwahimiza wenzake wakapime, ilhali sera na sheria ni mambo ya mawaziri, wabunge na madaktari bingwa. Historia ya ugonjwa huu inatuonyesha kinyume chake. Haki nyingi ambazo wagonjwa wanazo leo zilidaiwa kwanza na watu wasio na cheo chochote, wagonjwa wenyewe na ndugu zao, na zilipatikana pale walipoacha kuomba kwa ujumla wakadai jambo mahususi linaloweza kuandikwa katika kifungu cha sheria au katika fungu la bajeti.

Hadi miaka ya 1970 nchini Marekani, mwanamke aliyekutwa na uvimbe kwenye titi aliwekewa mbele yake fomu ya ridhaa, akatia saini, kisha akapewa dawa ya usingizi. Akiwa hajitambui, kipande cha uvimbe kilikatwa, kikagandishwa na kutazamwa kwa hadubini papo hapo, na kikionekana kuwa na saratani, daktari aliendelea kuliondoa titi lote bila kumwamsha. Mgonjwa aliingia chumba cha upasuaji bila kujua kama ana saratani, na alipozinduka ilimbidi apeleke mkono kifuani ili ajue. Mwandishi wa habari Rose Kushner, aliyegundua uvimbe kwenye titi lake mwaka 1974, aliukataa utaratibu huo, akadai kwamba kipimo kifanyike siku yake na upasuaji siku yake, ili mgonjwa apate nafasi ya kuuliza, kufikiri na kuamua. Mwaka 1979 alikaa kwenye jopo la Taasisi za Taifa za Afya za Marekani lililopendekeza kutenganishwa kwa hatua hizo mbili, na mwaka huohuo jimbo la Massachusetts likapitisha sheria ya kumtaka daktari amweleze mgonjwa njia za matibabu zilizopo. Dai lake lilikuwa dogo na lililo wazi, na ndiyo maana lilikuwa gumu kukwepwa.

Hata utepe tunaouvaa kila Oktoba ulianza kama dai la kibajeti. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mama mmoja wa California aitwaye Charlotte Haley, ambaye bibi yake, dada yake na binti yake walikuwa wamepatwa na saratani ya matiti, alitengeneza nyumbani kwake tepe za rangi ya pichi, akazigawa tano tano pamoja na kadi. Kadi hiyo ilieleza kwamba Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani ilikuwa na bajeti ya dola bilioni 1.8 kwa mwaka na kwamba asilimia 5 tu ndiyo iliyokwenda kwenye kinga, kisha ikamtaka mpokeaji avae utepe ili kuwaamsha watunga sheria. Jarida moja la wanawake lilipotaka kuutumia utepe huo, Haley alikataa kwa kuona kwamba jambo lake lingegeuzwa biashara. Wanasheria wa jarida wakashauri itafutwe rangi nyingine, na hivyo mwaka 1992 ikaingia rangi ya waridi. Utepe ukaenea dunia nzima, kadi ikabaki nyuma. Sisemi kwamba utepe wa waridi haukufanya kazi, kwa maana umewawezesha watu kuutaja hadharani ugonjwa uliokuwa ukinong'onwa, lakini anayeuvaa bila kadi hana anachomdai mbunge wake.

Wapo waliobaki na dai lenye tarakimu, nao walifika mbali. Muungano wa Taifa wa Saratani ya Matiti wa Marekani, ulioundwa mwaka 1991, uliwaita wanasayansi ukawauliza ni fedha kiasi gani za ziada zinahitajika kwa utafiti wa maana. Walipojibu dola milioni 300, wanaharakati walikwenda bungeni na hesabu hiyo. Taratibu za bajeti za wakati ule zilizuia fedha za ulinzi kuhamishiwa matumizi ya kiraia, kwa hiyo utafiti wenyewe ukawekwa chini ya Wizara ya Ulinzi, na dola milioni 210 zikatengwa kwa mwaka wa fedha 1993. Kwa maoni yangu, lililo kubwa kuliko fedha hizo ni kwamba katika mpango huo watu waliowahi kuugua waliingizwa kwenye paneli zinazopima maombi ya utafiti, wakiwa na kura zao kama wanasayansi. Kukaribishwa kikaoni ili kutoa ushuhuda wa kuwaliza wajumbe ni jambo moja; kuwa na kura ni jambo jingine kabisa.

Funzo ninalotaka wapiganiaji wa sheria walitazame kwa makini zaidi, hata hivyo, linatokana na sheria iliyopita ikiwa nusu. Mwaka 1990 Marekani ilipitisha sheria iliyoanzisha mpango wa kuwapima saratani ya matiti na ya mlango wa kizazi wanawake wa kipato cha chini wasio na bima. Fedha za mpango huo zililipia vipimo lakini hazikuruhusiwa kulipia matibabu. Mwanamke alihimizwa ajitokeze mapema, akajitokeza, akaambiwa ana saratani, kisha watumishi wa mpango wakalazimika kubisha hodi hospitali moja baada ya nyingine wakiomba atibiwe kwa hisani. Ilichukua miaka 10 ya kushinikiza hadi Oktoba 2000, ilipotiwa saini sheria iliyoruhusu majimbo kuwaingiza wagonjwa hao katika bima ya umma, na hatimaye majimbo yote yakaitekeleza. Kumpima mtu bila kumwandalia tiba ni kumkabidhi habari mbaya na kumwacha nayo, na serikali inaweza kufanya hivyo huku takwimu zake za upimaji zikipendeza kwenye ripoti. Upungufu wa aina hiyo umejirudia pia katika sheria za kumjulisha mwanamke kwamba matiti yake yana tishu nzito inayoweza kuficha uvimbe kwenye mamografia, yaani picha ya eksirei ya matiti. Jimbo la Connecticut lilianza mwaka 2009, na tangu Septemba 2024 taarifa hiyo ni ya lazima Marekani nzima, lakini kujulishwa ni hatua moja, na kulipiwa kipimo cha ziada ni hatua nyingine ambayo haifuati yenyewe.

Kwa sababu hiyo, anayetaka kuandika muswada au maoni ya sera leo hana haja ya kuanza na karatasi tupu. Mkakati wa Shirika la Afya Duniani uliozinduliwa mwaka 2021 umetoa malengo matatu ambayo mwananchi yeyote anaweza kuyashika: angalau asilimia 60 ya wagonjwa wa saratani vamizi, yaani iliyokwisha kupenya tishu za jirani, wagundulike katika hatua ya kwanza au ya pili, uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kituoni mara ya kwanza, na angalau asilimia 80 wamalize matibabu yao. Mwaka 2022 duniani kote wanawake milioni 2.3 waligundulika kuwa na ugonjwa huu na wapatao 670,000 walifariki, kwa hiyo si malengo ya mapambo. Siku 60, kwa mfano, hupotea mahali panapojulikana: rufaa isiyo na tarehe, sampuli inayosubiri mtaalamu wa patholojia wa kuichunguza maabara, majibu ambayo hakuna mtu aliyepewa jukumu la kumpelekea mgonjwa. Sheria nzuri humtaja anayewajibika kwa kila hatua na hulazimisha takwimu zichapishwe kila mwaka. Tena imtaje mgonjwa, wala si mwanamke peke yake, kwa kuwa kati ya asilimia 0.5 na 1 ya wagonjwa ni wanaume.

Dawa nazo hazipatikani kwa hamasa. Trastuzumab, ambayo huwafaa wagonjwa wenye aina ya saratani iitwayo HER2 chanya, yaani yenye protini ya HER2 kupita kiasi, iliingizwa katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2015. Tobeka Daki wa Afrika Kusini, aliyekuwa na aina hiyo, alipaza sauti kudai sheria za hataza, zinazompa mgunduzi haki ya pekee ya kutengeneza dawa, zirekebishwe ili bei ishuke, akafariki Novemba 2016 bila kuipata. Mwishoni mwa mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliidhinisha toleo la kwanza la dawa hiyo lenye bei nafuu. Hata hivyo idhini ya Geneva, yaliko makao makuu ya shirika hilo, haiifikishi dawa kwenye duka la hospitali. Kinachoifikisha ni kifungu cha ununuzi na orodha ya mafao ya bima, yaani karatasi zilezile ambazo vikundi vingi vya uhamasishaji havijawahi kuziomba kuzisoma.

Niongeze tahadhari moja ambayo huenda isiwapendeze wote. Kikundi kinacholipiwa mikutano na mtengenezaji wa dawa au wa mashine za vipimo kiseme hivyo wazi kabla ya kufika mbele ya kamati ya bunge, kwa kuwa mbunge ana haki ya kujua kama dai lililo mbele yake ni la mgonjwa au ni la muuzaji.

Kwa gazeti lako nina ombi. Makadirio ya wizara ya afya yanapowasilishwa, naomba mchapishe fungu lililotengwa kwa saratani, kiasi kilichotolewa kweli mwaka uliotangulia, na majina ya wabunge waliouliza swali kuhusu tofauti hiyo. Vikundi vya wagonjwa vitajua cha kufanya na orodha hiyo.

Ni mimi msomaji wako.