Mada ya Jumamosi: Cabo Delgado
Ndugu zangu, habari za jioni. Jumamosi saa mbili usiku tunazungumzia Cabo Delgado, jimbo la kaskazini kabisa mwa Msumbiji, ng'ambo tu ya mto Ruvuma. Makao makuu ni Pemba, siyo ile ya karafuu. Zamani iliitwa Porto Amélia. Bara wako Wamakonde na Wamakua. Visiwani, kama Ibo, wako Wamwani, na Kimwani chao ukikisikiliza utashika maneno mengi bila mkalimani.

Naomba tusiishie kwenye gesi na vita vya tangu 2017. Tuanzie mji wa Mueda, humo humo jimboni, 16 Juni 1960, Wareno walipowafyatulia risasi raia waliokusanyika. Miaka minne baadaye FRELIMO, chama cha wapigania uhuru wa Msumbiji, ikaanza vita vya ukombozi pale kijiji cha Chai, jimbo hilo hilo.

Wenye wazee waliovuka Ruvuma miaka ile, tuleteeni simulizi zao, hata kwa sauti.