Jedwali la hisa litoe na idadi ya zilizouzwa

Mhariri, salamu kutoka Area C, Dodoma. Naomba muongeze kitu kwenye jedwali lenu la hisa, maana mnaweka bei ya kufunga na imepanda au imeshuka kiasi gani basi, idadi ya hisa zilizouzwa siku hiyo haipo kabisa.

Huku vijana wengi wa chuo na hata watumishi wa wizarani siku hizi wanachuja hisa wenyewe, kwenye simu au kwenye eksel, na si zinazopanda tu, wanatafuta zile zinazodhoofika wajue ipi watoke mapema na ipi wasiiguse. Nawaunga mkono kabisa. Ila vichujio vyenyewe, yaani masharti ya kuchagua hisa, wanavitoa Marekani, bei iwe chini ya wastani wa bei za siku 50 zilizopita, na huo wa siku 50 uwe chini ya wa siku 200. Kule New York sawa, hisa kubwa moja inauzwa mamilioni kwa siku na bei inabadilika kila sekunde. Hapa kwetu DSE, Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililoanza biashara 1998 na hisa za kampuni ya TOL, kuna hisa zinakaa siku kadhaa haijauzwa hata moja, bei ni ileile, halafu anatokea mtu ana shida ya ada anauza chache kwa bei ya kutupa na chujio linasema hisa imeporomoka! Haijaporomoka, ni mtu mmoja ametaka hela.

Kwa hiyo jamani anzeni na wingi wa mauzo ndio mje kwenye bei. Chukua wastani wa hisa zilizouzwa kwa siku 20, hisa isiyofika kiwango ulichoweka itoe hata kabla ya kufungua chati. Zilizobaki ndio uangalie wastani wa bei, na siku bei ikishuka cheki zimeuzwa ngapi, zikiwa nyingi kuliko kawaida hapo kweli wenye mali wanatoka.

Na gawio, ile faida kampuni inayowagawia wenye hisa, msilisahau, siku ambayo mnunuzi mpya hana tena haki ya gawio bei kwa kawaida inashuka, chujio litakwambia hisa mbovu kumbe kampuni inalipa watu vizuri tu. Hisa moja ikigawanywa kuwa mbili ndio balaa, bei inakatika nusu, na bei za nyuma zisiporekebishwa ule wastani wa siku 200 utakudanganya miezi na miezi.

Wamarekani wakipata hisa dhaifu wanaikopa kwa dalali wanaiuza, wakitegemea kuinunua baadaye kwa bei ndogo wairudishe, na ikipanda hasara haina kikomo. Mwenye hisa zake za CRDB au NMB hapa Dodoma hahitaji kufika huko, yeye anataka kujua auze au atulie.

Sasa Mhariri, atajuaje bila idadi? Tuwekeeni hisa zilizouzwa, na bei ya juu na ya chini ya wiki 52, hata mkipunguza maandishi yawe madogo tutasoma tu.

Msomaji wenu, Dodoma