Jakaranda za katikati ya Lubumbashi

Bwana mhariri, jambo. Naandika juu ya jakaranda mbili yenye balikata mu avenyu yetu wiki ilipita, hapa katikati ya muji. Nilipita asubuhi nikakuta paka bisiki, maua ya zambarau ingali chini haijakauka, na ile mama wa kalanga, mwenye anaikala pale tangu batoto bangu bako masomo ya chini, amevuta kiti yake ya plastiki mpaka ku ukuta na amejifunika kitambaa ku kichwa. Jua ya mwezi wa kumi munaijua.

Baliniambia eti mizizi ilikuwa inapasua simenti na matawi inagusa waya ya umeme. Sawa, lakini kama shida ni matawi basi ukate matawi, muti mzima unakosa nini?

Jakaranda ilitoka mbali, Amerika ya Kusini, balipanda wakoloni. Muji ilianza 1910 juu ya shaba, na wakati ile kati ya muji ya bazungu na karti ya baafrika baliacha nafasi tupu ya kutenga batu, bababu betu usiku hawakuwa na ruhusa ya kubaki huku. Kivuli ilikuwa ya wengine. Leo mutu wa komini ya Kenya ao ya Katuba, hapa hapa Lubumbashi, anashuka mu taksi-bisi, anaikala chini ya muti, anakula mukate yake, hakuna mwenye anamuuliza kitu. Ku zoo unalipa ku mulango. Huku hapana, njo maana mimi naita hii miti bustani yetu, na inaniuma sana kuona inaisha moja moja bila mutu kusema.

Tunaomba kitu kimoja: muti ikikatwa, ingine ipandwe pale pale, na ipandwe mwezi wa kumi na moja mvua ikianza, juu mvua itaimwangilia mpaka mwezi wa ine. Kisha mwezi wa tano kiangazi inaanza, na pale njo miti midogo inakufa, kila mutu anakuya siku ya kupanda na hakuna mwenye anarudi na ndoo. Sisi ba avenyu yetu tutarudi, tulisha kugawana siku.

Na wenye kusimamia muji, tafazali, ile bisiki mbili musiing'oe kwanza. Jakaranda inaweza kuchipuka ku kisiki, na tulisha kuizungushia mawe.