Kabla hujaripoti Tunduru

Ifakara, Jumapili jioni

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi. Sisi huku wazima, hofu ni kwako uliye mbali, na safari hii neno hofu sikuliandika kwa mazoea. Nimeshika kalamu kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikianza tu unasema mtandao unakata.

Mwanao alipokuja likizo aliniambia mambo mawili bila kujua uzito wake. La kwanza, umepata barua ya uhamisho, unakwenda Tunduru, na kazi yenyewe, wewe askari wa wanyamapori, ni kufukuza tembo na nyati mashambani. La pili, siku hizi ukisoma ujumbe unanyoosha mkono mpaka simu inakaribia goti, na yeye ndiye anayekutungia uzi kwenye sindano. Alicheka akisimulia. Mimi sikucheka. Mwezi Machi ulitimiza miaka 44. Mama, umepima macho?

Jibu lako nalijua. Utasema unaona vizuri tu, twiga unamwona akiwa kilomita mbili. Na mimi, nilipokuwa kwenye kazi hiyo hiyo, nilikuwa nikijibu hivyo hivyo, neno kwa neno. Jicho linaloanza kuchoka halikunyimi twiga. Linakunyima sindano, na kwenye bunduki sindano ni ile ncha iliyo mbele ya mtutu.

Siji kukufundisha kulenga. Umefundishwa vizuri kuliko mimi, na mwaka ule uliposhika nafasi ya kwanza kwenye shabaha nilibeba cheti chako mpaka kwa kinyozi nikakionyesha watu. Nakwambia kitu ambacho mkufunzi wa miaka 25 hawezi kukijua, kwa sababu hakijampata. Ukilenga kwa vilengeo vya chuma, jicho linatakiwa lishughulike na vitu vitatu: ufa wa nyuma ulio karibu na uso, ncha ya mbele iliyo karibu mita 1 kutoka shavuni, na mnyama aliye mita 50. Hakuna jicho la mtu linaloweza kuviona vyote vitatu safi kwa mara moja. Kijana anadhani anaweza, maana lenzi ya jicho lake bado laini, inaruka toka kimoja hadi kingine upesi mpaka mwenyewe hajui kwamba inaruka. Kuanzia miaka 40 hivi lenzi inakakamaa. Ufa ndio unaotangulia kufifia, kisha ncha inaota manyoya. Nyati anabaki safi, hata matope yaliyomkaukia ubavuni unayaona, na hapo ndipo mtu anapodanganyika. Anaona macho yake mazima kwa kuwa anamwona nyati.

Kumbe nyati siye wa kutazamwa. Tulikuwa tukiambiwa: itazame ncha, mnyama mwache awe na ukungu kidogo. Ukishindwa kuiona ncha, jicho linamkimbilia mnyama lenyewe, na mkono unafuata. Fanya hesabu hii, maana hesabu ulikuwa unaziweza. Bunduki ambayo kati ya ufa na ncha pana sentimita 50, ncha ikihama milimita 1 tu, risasi inahama sentimita 20 kwa mnyama aliye mita 100, na sentimita 10 kwa aliye mita 50. Milimita 1 ni kama unene wa ukucha wa mguu. Ncha yenye manyoya unawezaje kujua imehama unene wa ukucha?

Habari ya mguu wa jirani yetu unaijua, wewe mwenyewe ulimpelekea uji mwezi mzima, sina haja ya kuirudia. Ila unachokijua ni kile kilichoandikwa kwenye ripoti, na ripoti niliiandika mimi. Imeandikwa kwamba nyati aligeuka ghafla wakati wa kufyatua. Nyati yule alikuwa amesimama. Alinipa ubavu mzima, mita 40, anatafuna mpunga wa watu. Jua lilikuwa limeshazama na kile kilengeo cha mbele kilikuwa mfano wa kiwavi. Nilifyatua kwa kukisia. Akaingia kwenye matete, na mwenzangu, ndiye huyu jirani yetu, alikuwa zamu ya kutangulia kufuata damu. Ilikuwa mwaka 1999, na miaka miwili kabla ya hapo nilikuwa nimeshaanza kunyoosha mkono kusoma gazeti.

Basi. Tuendelee.

Najua kinachokuzuia kwenda kupima, siyo muda. Unaogopa wakikuona na miwani watakukalisha ofisini uandike vibali. Na mimi niliogopa hivyo. Posho ya siku za porini ndiyo iliyolipa ada yako ya kidato cha tano. Sikusemi, nakueleza tu. Lakini wewe huna sababu hiyo. Mume wako ana kazi, bima ya afya unakatwa kila mwezi, na hospitali iko hapo hapo mjini unapokaa sasa. Hilo ndilo linaloniudhi. Mtoto niliyemsomesha mpaka chuo anakwepa kipimo cha dakika ishirini.

Tena kipimo chenyewe usikifanye kienyeji. Daktari wa macho atakuwekea herufi ukutani, utazisoma zote, atakwambia uko sawa. Kisha atakupa kadi ya kusoma kwa karibu, atakuandikia miwani ya kusomea. Hiyo nayo siyo. Wala usinunue zile za sokoni za nguvu ya +2.00 au +2.50, zimetengenezwa kwa gazeti lililo sentimita 40 au 50 kutoka usoni. Nimezijaribu. Ufa wa nyuma utauona mzuri ajabu, ncha itabaki na ukungu, na nyati atapotea kabisa.

Fanya hivi. Chukua bunduki ikiwa tupu, umekagua chemba mara mbili, iweke begani kama unavyolenga, mwambie mwenzako ashike kamba kutoka pembeni mwa jicho lako hadi kilengeo cha mbele. Funga fundo hapo. Funga lingine penye kilengeo cha nyuma. Nenda na kamba kwa daktari, maana huwezi kuingia na bunduki kliniki. Mwambie: nataka kuona fundo hili la mbali, na bado nimwone mtu aliye ng'ambo ya barabara. Mimi nilikwenda na kamba nikiwa nimeshastaafu, baada ya kuchelewa, na daktari alifurahi, akasema wagonjwa wote wangekuja na kamba kazi ingekuwa rahisi. Akanieleza kwamba lenzi ya +1.00 inalipeleka jicho kwenye mita 1 barabara, lakini mnyama wa mbali anakuwa ukungu. Kwa hiyo mnakutana katikati: +0.50, au +0.75, juu ya miwani ya mbali kama unayo. Hapo ncha inakaa sawa na mnyama anabaki mnyama. Alinivalisha ile fremu ya kupimia, nikanyoosha kamba, nikatazama fundo. Lilikuwa na nyuzi, nyuzi za katani moja moja. Nilikaa kimya muda mrefu mpaka akaniuliza kama naumwa.

Fremu iwe inayokaa juu usoni. Ukilaza shavu kwenye kitako unatazama kupitia kona ya juu ya kioo, upande wa pua, siyo katikati. Na ukatae zile zenye vipande viwili, utakuwa unainua kidevu kutafuta kipande na shavu linaachana na kitako.

Halafu suala la saa. Naomba hili ulisome mara mbili. Mtihani wa shabaha mnafanya asubuhi saa nne, jua limewaka. Kwenye mwanga mkali mboni inakuwa ndogo, ni sawa na kuchungulia kwenye tundu, na ukichungulia kwenye tundu vitu vya karibu na vya mbali vyote vinajikaza. Utafaulu. Lakini tembo na nyati hawaji shambani saa nne asubuhi. Wanakuja magharibi na alfajiri, mboni imetanuka, na udhaifu wa jicho unajitokeza saa hiyo. Cheti cha saa nne hakina habari na saa moja jioni. Kajipime jioni, peke yako, bunduki tupu, ukilenga kisiki. Ukiona ncha ina manyoya, hilo ndilo jibu lako, hata kama cheti kinasema umekuwa wa kwanza.

Kwa ajili ya hilo hilo la tundu, kama Tunduru watakukabidhi ile bunduki ya Brno ya zamani, ya risasi nene ya .458, kagua nyuma kabisa, juu ya bolti. Baadhi ya zile za mwanzo zina kilengeo cha kitundu kinachoinuka. Vijana wengi hawakijui, kimeganda kwa mafuta na vumbi. Kisafishe. Kitundu kinafaa sana kwa mtu mzima, kwani hukitazami, unatazama ndani yake tu, kwa hiyo vitu vitatu vinakuwa viwili. Ila kikiwa chembamba, jioni kinakula mwanga. Wapo wanaobandika utepe mweusi wenye tundu kwenye kioo cha miwani. Hiyo ni ya uwanja wa shabaha, usiipeleke shambani. Na kama watawaletea vile vioo vyenye nukta nyekundu, usivikatae kwa kiburi cha kusema mimi nimezoea chuma. Nukta unaiona pamoja na mnyama, jicho halichagui. Darubini kubwa ni nzuri kwa mbali, lakini ndani ya kichaka, hatua kumi na tano, utaona manyoya meusi tu na hutajua ni bega au paja.

Mchana wa jua kali, paka ncha masizi. Washa kibatari, punguza mafuta mpaka moshi uwe mweusi, pitisha ncha juu yake taratibu, chuma kinavaa weusi usiong'aa kama mkaa. Usiguse kwa kidole. Ncha inayong'aa upande mmoja inakudanganya: jua likiwa kulia unaona ule upande wa kulia ndiyo ncha yote, unaupeleka katikati ya ufa, na risasi inakwenda kushoto. Jioni fanya kinyume, futa masizi, tia tone la rangi nyeupe.

Watakuja wazee wa kazi watakwambia miwani ni woga, watakutajia yule Selous, mwindaji Mwingereza wa zamani, aliyekuwa na miaka 65 na bado yuko mstari wa mbele vitani na bunduki yake. Kaburi lake liko Behobeho, nimelifyeka majani kwa mikono yangu. Aliuawa hapo tarehe 4 Januari 1917. Macho yake hakuna aliyetuachia vipimo vyake, kwa hiyo asiwe kisingizio cha mtu.

Naandika sana habari ya kupiga, lakini najua siku hizi mna pilipili, mna baruti za kelele, mna ndege nyuki zinazowasindikiza tembo mpaka msituni. Hilo linanifurahisha kuliko nilivyowahi kukwambia. Tulipokuwa sisi, jibu lilikuwa moja tu. Tumia hizo kwanza, tumia zote. Ila itakuja siku moja ambayo hazitatosha, na mama mmoja atakuwa na watoto wake kwenye dungu, na watu wote watakutazama wewe. Siku hiyo nataka uione ncha.

Na ukikuta huioni, mpe mwenzako bunduki. Sema, sioni, piga wewe. Maneno matatu. Mimi nilikuwa na mwenzangu pembeni, macho yake mazima kabisa, mdogo wangu kwa miaka kumi na mmoja, na sikuyasema.

Nilipokwenda kutolewa mtoto wa jicho la kulia mwaka juzi, daktari aliuliza nataka lenzi mpya ioneshe mbali au karibu, kwa sababu ikishawekwa haisogei. Nilisema mbali. Mama yako alishangaa, akasema sasa unaenda kumlenga nani. Sikujua la kumjibu.

Bati la jikoni bado linavuja pale pale. Fundi alikuja akachukua fedha ya misumari hajarudi, usimtumie tena, nitamfuata mwenyewe. Ng'ombe amezaa jike. Mpunga safari hii magunia 14, mengine yalilowa na mvua ya mwisho, tumeyaanika upya. Mama yako presha imeshuka lakini vidonge anaruka, anasema akijisikia vizuri hana haja. Mpigie umseme wewe, mimi hanisikilizi. Tangu Pasaka hujafika. Habari ya uhamisho kuipata kwa mtoto wa darasa la sita si vizuri, nimeona nikwambie.

Kesho asubuhi nampa kondakta kifurushi. Ndani kuna mchele kilo 10, samaki kitoga wa kukaushwa amefungwa kwenye majani, na karanga za mama yako. Kwenye kopo la majani ya chai nimetia kamba ya katani, ile ile niliyokwenda nayo kwa daktari. Mafundo yangu yafungue, ufunge yako, mkono wangu ni mrefu kuliko wako. Ukitoka kupima, nipigie siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Kabla mtu mwingine hajapekua kifurushi, barua hii itoe kwanza. Jirani anakuja hapa kila jioni tunacheza bao, na yeye pia anaamini nyati aligeuka. Nitamwambia mwenyewe wiki hii, kabla hujaondoka.

Ni mimi baba yako.