Msimhukumu mtu kwa ukurasa uliopigwa picha

Wanangu, asalaam aleykum.

Nakuandikieni nikiwa na hasira, na sikusudii kuificha. Kikundi kimojawapo cha usomaji hapa Unguja kilichagua kijitabu cha mkunga mstaafu, mama aliyezalisha watoto wengi wa mtaa wetu, baadhi yenu mkiwa miongoni mwao. Alikichapisha kwa fedha za kiinua mgongo chake. Ameeleza humo alivyosomea kazi, alivyokuwa akivushwa kwa ngalawa usiku kwenda kwa wazazi waliozidiwa na uchungu, na walivyohangaika wodini wakati wa kipindupindu. Katika ukurasa mmoja ameeleza kwa nini alidai talaka kwa mume wake wa kwanza. Mmoja wenu akaupiga picha ukurasa huo, akautuma. Haikufika isha, ukawa umeshaenea kwenye simu za watu ambao hata jalada la kitabu hawajaliona. Wako waliomtukana matusi nisiyoweza kuyaandika. Wako waliojitia kumtetea, nao wakamtukana marehemu mumewe, mtu mwenye watoto na wajukuu mjini hapa. Wote hao, wa upande huu na wa upande ule, walichosoma ni ukurasa huo basi.

Mama yule amekwenda dukani, akazichukua nakala zake zote zilizobaki. Alikuwa na daftari la pili, la miaka yake ya kazi Pemba. Nimemwomba aliendeleze. Kaniambia hana haja tena. Aliyeupiga picha ukurasa ule anajijua, nami namjua. Amwendee mwenyewe, asitume mtu, na kabla ya kwenda akisome kitabu chote.

Kutofautiana kwenu si jambo linaloniudhi. Miaka yote niliyofundisha historia nilizitaka tofauti hizo darasani, na hakuna kitabu kilichozileta kama kumbukumbu za Sayyida Salme. Alizaliwa Mtoni mwaka 1844, binti wa Sayyid Said bin Sultan, mfalme wa Unguja. Mwaka 1866 aliondoka Unguja akiwa na mimba ya mfanyabiashara wa Kijerumani, akabatizwa Aden mwaka uliofuata na kuolewa siku hiyo hiyo, akaitwa Emily Ruete. Mwaka 1870 mumewe akafa Hamburg kwa ajali ya tramu, akaachwa na watoto watatu wadogo katika nchi ya watu. Kitabu chake kilitoka Berlin mwaka 1886. Mwenyewe ameeleza kwamba alianza kukiandika kwa ajili ya wanawe, ambao hawakujua mama yao alitoka wapi.

Nilipokuwa nikiwasomea wanafunzi mahali anaposimulia jinsi alivyojifunza kuandika kwa siri, akinakili herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia, wasichana walinyamaza kimya na mmoja akawa analia. Kwao ilikuwa hadithi ya msichana aliyenyimwa kalamu akaiiba. Kijana mmoja yeye hakutaka kuendelea kumsikia kwa sababu Salme aliacha dini. Tukafika kwenye sura ya utumwa. Humo Salme anautetea, anasema Wazungu hawauelewi. Mvulana ambaye bibi wa bibi yake aliletwa kutoka upande wa Nyasa na kuuzwa hapa alisimama akasema hawezi kumsikiliza mtu huyu tena, akatoka nje.

Sikumzuia. Alikuwa na haki yake. Lakini na yule aliyelia alikuwa na haki yake, na sikumruhusu yeyote amwambie kwamba machozi yake ni ya kijinga kwa kuwa binti wa mfalme alikuwa na watumwa. Mambo yote mawili yamo katika kitabu kimoja, yameandikwa na mkono mmoja. Kipindi kilichofuata nilimtaka kila mmoja aseme kinachomuuma ni nini hasa, na wenzake wamsikilize mpaka amalize. Yule mvulana alizungumza kwa utulivu kuliko wote. Darasa likajifunza juu ya bibi wa bibi yake, ambaye hakuna aliyemwandikia kitabu.

Ndivyo ilivyo pia kwa Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa, aliyeyaandika maisha yake kwa Kiswahili mwenyewe, yakachapishwa Berlin mwanzoni mwa karne ya 20, kabla hajafa mwaka 1905. Anahesabu pembe za ndovu na vita vyake bila kuonyesha majuto. Anayeyasoma hapa Shangani, karibu na nyumba yake ambayo ipo mpaka leo, anaweza kuona safari za mfanyabiashara hodari. Anayeyasoma Kasongo, Kongo, anasoma habari za vijiji vya wazee wake. Hamuwezi kumtaka huyu wa Kasongo asome kama mtu wa Shangani, na mkimtaka mtakuwa mmemdhulumu mara ya pili.

Sasa nirudi kwenye ukurasa, maana hapo ndipo panaponichoma.

Mwaka 2019 Rais mstaafu Benjamin Mkapa alitoa kitabu cha maisha yake. Kina utoto wake kusini, Makerere, kazi ya uhariri wa magazeti, ubinafsishaji wa mashirika ya umma, na mengine mengi. Kina pia maneno yake juu ya mauaji ya Pemba ya Januari 2001, ambapo waliuawa watu zaidi ya 30 na maelfu ya wengine wakakimbilia Shimoni, Kenya. Aliandika kwamba tukio lile ni doa katika uongozi wake. Wako waliomshukuru kwa kulisema. Wako waliosema kwamba amelisema akiwa amestaafu, wakati halimgharimu kitu. Niliwasikia wote, na sikuona aliyekosea.

Hapa pana tofauti kubwa ambayo nyinyi mnaipita kama hamuioni. Mama wa Pemba aliyevuka bahari kwenda Shimoni na watoto mgongoni, maneno yale machache kwake ndiyo kitabu kizima. Akisoma hapo akakifunga, mimi si mtu wa kumwambia arudi akasome habari za Makerere. Amelipa gharama ya kusoma anavyotaka. Wewe uliyekaa barazani ukiwa hujapoteza ndugu, hujafukuzwa, hujaachwa wala hujaacha, umelipa nini? Wewe huna jeraha linalokusimamisha hapo. Una bando tu, na hamu ya kuwa wa kwanza kutuma. Kwa hiyo wewe unawiwa kurasa zote. Ukikuta jambo la kuchukiza ukurasa wa 40, endelea mpaka mwisho, kisha rudi ulisome tena. Kama bado linakuchukiza, liseme mbele za watu, kwa jina lako, na utaje na yale mengine uliyoyasoma. Nitakuheshimu hata kama sikubaliani nawe hata kidogo. Kukata kipande cha maisha ya mtu na kukitembeza mtaani ni usengenyaji ule ule tuliokatazwa. Kuchapishwa kwake hakukuhalalishii.

Mengine sitayarefusha. Tazameni kitabu kiliandikwa lini, na kwa ajili ya nani. Tazameni nani ametajwa kwa jina na nani ametajwa kama mpishi tu, au mke tu. Mwandishi akikaa kimya juu ya jambo, msikimbilie kusema amedanganya. Huenda anamsitiri mtu aliye hai. Na anapojisifu mno, msione haya kusema amejisifu.

Lakini lawama si yenu peke yenu. Tumekufundisheni tawasifu kama kitu cha mtihani: fafanua, toa mifano, taja umuhimu wake, basi. Mmemaliza sekondari bila kusoma maisha ya mtu mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Wakubwa wanazinduliwa vitabu vyao hotelini kwa hotuba na vigelegele, na magazeti yanachapa picha. Muuguzi, baharia na mpasua kokoto wakiandika, wanajilipia uchapaji na kuomba duka liwawekee nakala chache. Akifa mzee, watu wanagombea shamba na nyumba. Barua na madaftari yake yanafungiwa maandazi. Nimeyaona haya katika nyumba za wasomi pia, na ni aibu yetu sisi watu wazima.

Wanaoumia zaidi ni wanawake. Siti binti Saad wa Fumba, mwimbaji wa taarab, aliyeanza maisha kwa kuuza vyungu na baadaye akarekodi nyimbo zake Bombay mwaka 1928, hakuacha kitabu cha mkono wake. Tunamjua kwa sababu Shaaban Robert aliuandika wasifu wake. Nashukuru sana kwamba aliuandika, na nausoma kila nipatapo nafasi, lakini kila nikiusoma natamani kumsikia Siti mwenyewe akisema ni siku gani aliogopa, nani alimcheka, na alijisikiaje kushuka melini India. Hatutayapata hayo. Wanawake wanaoweza kutuambia ya kwao wapo kwetu sasa hivi, majikoni na vibarazani, na wameshasikia alichofanyiwa mwenzao.

Basi nakuombeni, wanangu, na hapa siwagombezi tena. Kila mmoja wenu ana nyanya, au shangazi, au jirani aliyeona mambo. Mkamnunulie daftari. Msimwanze kwa habari za ndoa yake wala za siasa. Mwulizeni alikuwa akiamka saa ngapi, njia ya skuli ilipita wapi, mchele ulikuwa bei gani, nani alimfundisha kazi. Akitaka kufika kwenye yale mazito atafika mwenyewe. Andikeni anavyosema, kwa maneno ya kwao, Kimakunduchi kiwe Kimakunduchi na Kitumbatu kiwe Kitumbatu. Msomeeni mlichoandika, na akisema jambo fulani lifutwe, lifuteni mbele yake. Akikubali, nakala moja ipelekeni Nyaraka za Taifa pale Kilimani, nyingine ibaki nyumbani kwake. Asiye na fedha ya daftari aje kwangu, yapo.

Mwalimu wenu mstaafu,
Unguja