Vijana wetu wapimwe miguu kwanza, mizani baadaye

Mhariri,

Naomba nafasi kwa gazeti lako maana hili jambo limenikaa rohoni wiki nzima. Juzi hapa Malindi kulikuwa na majaribio ya kuchagua vijana, mimi nikapeleka wanne ambao nawafundisha futboli ya Kimarekani ufuoni, na kitu cha kwanza walichofanyiwa ni kupimwa urefu na kupandishwa kwa mizani. Mmoja akatolewa pale pale, hata mpira hajaushika, akaambiwa wewe bado mdogo nenda ukale urudi mwakani. Na huyo kijana ndo mwenye miguu mizuri kuliko wote niliowahi kuwafundisha, na sisemi hivi kwasababu ni wangu.

Futboli hiyo ni ile ya mpira wa umbo la yai, ingawa helmeti sisi hatuna kwahivyo tunacheza ile ya kuvuta kitambaa kiunoni mwa mwenye mpira badala ya kumwangusha. Niliijua nilipokuwa Ohio kikazi, mwanangu alikuwa lainibeka kwa timu ya shule na mimi kila jioni nikitoka kazini nasimama kando ya uwanja namsikiliza kocha wao. Lainibeka ni wale watatu ama wanne wanaosimama yadi 4 au 5 hivi nyuma ya wale majitu wa mstari wa mbele, kazi yao ni kumzuia anayekimbia na mpira, kumfuata anayengoja pasi, na saa zingine kumvamia kwotabeki mwenyewe, yule anayerusha pasi. Ukiwaona kwa televisheni utadhani ni kugongana tu. Hata mimi nilidhani hivo mpaka nilipoona yule kocha kila siku anaanza na miguu, wiki baada ya wiki, watoto wanalalamika wanataka kuangushana yeye anawaambia bado hamjui kusimama.

Na kweli kusimama ni kazi. Miguu ipanuke kiasi cha mabega, magoti yalegee, kifua kije mbele ya magoti, uzito uwe mbele ya wayo, kisigino kiguse chini kidogo tu, mikono iwe huru mbele yako. Alafu mpira ukianza hatua ya kwanza iwe fupi, inchi 6 hivi, tena iende kule mchezo unakoelekea. Vijana wengi wana kile ninachokiita hatua ya uongo, yaani anarudisha mguu nyuma kwanza ndo aende mbele, na ile ni kama robo ya sekunde imekwenda na mwenye mpira keshapita. Hiyo hatua ya uongo nimepigana nayo kuliko kitu kingine chochote, ukimwambia kijana anakataa kabisa kwamba anaifanya mpaka umrekodi kwa simu umuonyeshe.

Baada ya hapo ni kwenda upande, na hapa nawaambia waangalie kaa. Kaa wa ufuoni hapishanishi miguu ovyo, kifua chake kinabaki kukuangalia wewe na anaondoka kwa upande. Lainibeka pia mpira ukiwa karibu anatambaa upande mabega yakiangalia mbele, miguu isigongane wala isipishane, maana ukipishanisha na mwenzako akageuka ghafla wewe umejifunga mwenyewe. Mpira ukikimbilia pembeni kabisa hapo ndo unaruhusiwa kupishanisha na kukimbia, lakini ubaki nyuma yake kidogo, nusu ya mwili, ili akikata kurudi ndani akukute. Mimi niliumia goti nikiwa kijana nikicheza beki kwa timu moja ya mtaani kwasababu hakuna mtu aliyenifundisha hili, nilipishanisha miguu nikageuka na mwili ukaenda kwingine, mpaka leo nikipanda ngazi nalisikia.

Vifaa vyetu ni makumbi ya nazi. Tunayapanga matano kwa mstari hatua moja moja wakati maji yamekupwa, maana mchanga wetu huu wa kahawia unaoletwa na mto Sabaki ukilowa unashika vizuri, kijana anayapita kwa upande bila kuangalia chini huku mimi mbele namuonyesha vidole anataja ni vingapi. Akitazama makumbi anarudia. Sekunde 5 au 6 alafu anapumzika, kwa sababu mchezo mmoja wa futboli hii, yaani tangu mpira uanze mpaka usimamishwe, mara nyingi hauzidi hapo, hakuna faida ya kuwakimbiza dakika 20 mfululizo mpaka miguu imekufa na wanafanya makosa yale yale.

Huyu aliyetolewa baba yake ni mvuvi, na yeye tangu mdogo yuko ndani ya ngalawa. Amejifunza kusimama chombo kikiyumba, magoti laini, nyonga chini, kichwa kimetulia hata mawimbi yakija. Siku ya kwanza namuona akifanya makumbi nilinyamaza, nikajua bahari imenisaidia nusu ya kazi.

Jambo lingine ni macho. Anayekimbia atakudanganya kwa kichwa, kwa bega, kwa mikono, lakini kiuno kikienda na mwili umeenda, kwahivyo angalia mkanda wake. Ukibaki hatua tatu kumfikia punguza urefu wa hatua, nyonga zishuke, ukimrukia mbio mbio utabaki umekumbatia upepo. Na kwa wale wanaoangushana kwa mwili, kichwa kiwe juu macho yaone, mguu wa karibu na bega la karibu ndo vifike. Hili si mapambo, kuinamisha kichwa na kugonga nacho kunavunja shingo za watu, na NFL wenyewe, ile ligi kubwa ya mchezo huu Marekani, mwaka 2018 waliweka sheria kwamba ukiinamisha helmeti kumgonga mtu ni kosa. Miguu ikichelewa ndo kichwa kinatangulia.

Kama urefu ndo kila kitu basi Sam Mills asingecheza. Alikuwa na futi 5 na inchi 9, alikataliwa mara kadhaa, hakuna timu iliyomchagua alipotoka chuo, lakini alikuja kuwa lainibeka wa New Orleans Saints na Carolina Panthers, na mwaka 2022 akaingizwa kwenye jumba la mashujaa wa mchezo huo, yeye mwenyewe tayari amefariki. Sisi Wakenya tulikuwa na Daniel Adongo, mtu wa raga, jitu la kweli, timu ya Indianapolis Colts walimchukua 2013 wakampanga lainibeka na kabla ya hapo hakuwahi kucheza futboli hiyo hata siku moja. Najivunia mpaka leo. Lakini hebu fikirieni kama angefundishwa zile hatua akiwa na miaka 12 huku huku nyumbani.

Mwaka 2028 kule Los Angeles futboli hii ya vitambaa itakuwa kwenye Olimpiki, wanaume na wanawake, watano kwa watano, hakuna kuangushana kabisa, ni miguu na macho. Kati ya wale wanne wangu mmoja ni binti na anavuta vitambaa kuliko wavulana wawili kati yao.

Ninachoomba kwa wanaosimamia majaribio huku pwani ni dakika 10 tu kabla ya mizani. Makumbi nitaleta mimi. Na nyinyi wa ukurasa wa michezo, mkimwandika beki wa raga ama wa soka msianze na kilo zake, mwambieni msomaji anasimama vipi na anageuka vipi. Yule kijana nimemwambia Jumamosi maji yakikupwa aje kama kawaida, amesema atafikiria.

Mzazi na kocha wa kujitolea,
Malindi